Soli zinabanduka, vidole vinakufa ganzi: kuhusu gundi kali na chumba cha uani

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Bagamoyo, Dunda. Natengeneza makubazi ya ngozi na mapambo ya vifuu na kauri, nawauzia wageni wa ufukweni na maduka mawili ya Dar es Salaam. Soli zangu zinabanduka kabla ya wiki tatu, hasa mbele kwenye kidole gumba, na wateja wanarudisha. Muuza vifaa kaniambia natumia gundi dhaifu, ninunue ile kali ya kiwandani ya bati la lita nne, na nimeshalipa nusu. Gundi ipi ni kali kuliko zote? Tena nafanyia kazi chumba cha uani na vijana wawili, mmoja ana miaka 16. Siku hizi kichwa kinaniuma jioni na ncha za vidole zinakufa ganzi. Mwanangu wa miezi minane hulala humo humo mchana. Nivae barakoa gani?"

Marahaba, mwanangu. Umeanza na soli ukamalizia na vidole. Niruhusu nianze ulipomalizia, maana soli zinaweza kungoja wiki mbili na vidole haviwezi.

Kuanzia leo usiguse gundi ya bati mpaka daktari akuone. Nenda hospitali ya wilaya, na ukifika eleza kazi yako: kwamba unapaka gundi ya viatu saa kadhaa kila siku katika chumba kisichopitisha hewa. Ganzi ya vidole ina sababu nyingi, kisukari na upungufu wa vitamini zikiwemo, na daktari asiyejua kazi yako hana sababu ya kuifikiria gundi. Lipige picha bati unalotumia sasa, pande zote zenye maandishi, uende nayo. Mwambie pia kuhusu miguu. Je, ndala inakuvuka bila wewe kusikia? Je, kupanda ngazi kumeanza kukuchosha kuliko zamani? Vijana wako nao waulize maswali hayo hayo, mmoja mmoja, kwa sababu kijana anayeogopa kupoteza kibarua hasemi mbele ya mwenzake.

Nakuhimiza hivi kwa sababu ya kilichomo ndani ya bati. Gundi ya viatu ni mpira, mara nyingi ule uitwao neopreni, ulioyeyushwa katika vimiminika vikali. Huo mpira ni kama robo tu ya uzito wa gundi, na mara nyingi haufiki hata hapo. Kinachobaki ni kiyeyusho, na kiyeyusho hakikai kwenye kiatu. Kazi yake ni kuruka na kuuacha mpira. Kwa hiyo ukimaliza bati la lita nne, karibu lita tatu za kitu kinachofanana na petroli zimeingia hewani mwa chumba chako, na ninyi wanne mmevuta sehemu yake.

Kati ya viyeyusho hivyo, kinachonitia hofu kwa habari uliyonipa ni heksani. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa kemikali nyingine, na hiyo ndiyo inayoharibu nyuzi za mishipa ya fahamu. Huanza na mishipa mirefu kuliko yote, inayofika kwenye vidole vya miguu na mikono. Ndiyo maana ganzi huanzia kwenye ncha na kupanda. Miaka ya 1960 huko Japani, madaktari waliwakuta watengeneza ndala, wengi wao wakifanyia kazi majumbani mwao, wakiwa na ganzi na miguu iliyolegea, na chanzo kikawa heksani iliyokuwa ndani ya gundi. Nakutajia hao makusudi. Walikuwa watu wa kazi yako hasa, katika vyumba kama chako.

Mji wa Istanbul nao una kisa chake. Miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy alieleza jinsi mafundi viatu waliokuwa wakitumia gundi yenye benzeni walivyokuwa wakipata saratani ya damu. Leo viwanda vingi vimeacha kuitia benzeni kwenye gundi, lakini imo ndani ya petroli. Nami nimewaona kwa macho yangu mafundi wakizimua gundi iliyoganda kwa petroli ya bodaboda. Kama wewe au vijana wako mnafanya hivyo, acheni. Petroli inaidhoofisha gundi, na inakuletea chumbani sumu ambayo watengenezaji walijitahidi kuiondoa.

Mtu akiacha mapema, mishipa hupona, polepole, kwa miezi. Ila jiandae kwa jambo moja: ganzi ya heksani inaweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha kazi. Ikitokea hivyo usiseme "kumbe haikuwa gundi" ukarudi chumbani. Na maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa jioni ili "kusafisha kifua" ni chakula kizuri tu. Hayaondoi mvuke uliokwisha kuingia kwenye damu kupitia mapafuni.

Nilifanya kazi miaka mingi katika karakana moja ya viatu hapa Tanga, Ngamiani, kabla sijaanza kufundisha. Tulikuwa saba, dirisha moja, na hilo moja tulilifunga upepo wa kusi ukivuma kwa sababu vumbi lilikuwa linanasa kwenye gundi mbichi. Mwenzetu mmoja, fundi hodari kuliko sisi sote wa kukaza ngozi kwenye kalibu, alianza kuangusha sindano. Tulidhani uzee. Baadaye akawa anatembea kwa kuinua miguu juu kama mtu anayevuka matope, kwa sababu nyayo zilikuwa hazinyanyuki zenyewe. Alikuwa na miaka 41. Hakuna aliyemuuliza anavuta nini kila siku, na mimi niliyekuwa nakaa jirani yake sikuuliza.

Sasa mtoto. Mvuke wa viyeyusho hivi ni mzito kuliko hewa, hautoki juu kama moshi wa jikoni. Unateremka, unatambaa sakafuni na kutuama huko, mahali penye mkeka wake. Yeye aliyelala chini anaweza kuvuta mwingi kuliko unavyodhani, na mwili wake ni mdogo. Asilale humo tena, hata siku ambayo hamkupaka gundi, kwa sababu makubazi yaliyobandikwa jana bado yanatoa mvuke, na vitambaa na brashi pia. Mwanamke mjamzito naye asikae karibu: tolueni, kiyeyusho kingine cha kawaida cha gundi hizi, inajulikana kudhuru mtoto aliye tumboni.

Kuhusu kijana wa miaka 16, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari, na mimi kupaka gundi ya kiyeyusho naiweka humo. Usimfukuze. Mpe kukata, kutoboa, kushona, kupiga msasa vifuu. Ziko kazi nyingi kwenye kubazi moja.

Umeuliza barakoa. Ile ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii mvuke hata kidogo. Zinazuia matone na vumbi, na mvuke unapita kama vile hukuvaa kitu. Inayofaa ni ile ya mpira inayobana uso, yenye makopo mawili ya mkaa maalumu pembeni, yaliyoandikwa kuwa ni ya mvuke wa viyeyusho. Makopo hayo hujaa. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, yamekwisha, na huwezi kuyaanika juani yakafaa tena. Ukimaliza kazi ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, la sivyo mkaa unaendelea kufanya kazi kabatini usiku kucha. Lakini sitaki barakoa iwe jibu lako la kwanza. Barakoa ni ya mtu ambaye ameshatoka kwenye chumba kibaya na bado anahitaji kinga.

Jibu la kwanza ni kuhama. Wewe uko Bagamoyo, una upepo wa bahari karibu kila alasiri, tena wa bure. Peleka meza ya gundi nje, barazani au chini ya mkungu, ukae hivi kwamba upepo unakupita ubavuni. Usiupe mgongo. Ukiupa mgongo, mwili wako unauzuia, na mvuke unazunguka mbele ya uso wako badala ya kuondoka. Makubazi yaliyopakwa na kungoja kukauka yaweke upande ule upepo unakoelekea, mbali nawe, kwa sababu dakika hizo za kungoja ndizo zinazotoa mvuke mwingi kuliko dakika za kupaka. Na usiache bati wazi. Mimina kiasi cha nusu saa kwenye kopo dogo la bati lenye mdomo mwembamba, bati kubwa ulifunge kifuniko papo hapo. Usiitegemee pua ikujulishe. Pua huzoea harufu kwa dakika chache, na anayesema "siku hizi siisikii kabisa" mvuke anavuta vile vile.

Na moto. Tolueni inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzijoto 4, heksani hata kwenye baridi ya nyuzi 22 chini ya sifuri. Bagamoyo haijawahi kuwa na baridi ya namna hiyo, maana yake gundi yako iko tayari kuwaka saa zote, mwaka mzima. Mvuke ukitambaa sakafuni ukafika kwenye jiko la mkaa, moto unarudi kwa njia ile ile ulikotoka mvuke, haraka kuliko unavyoweza kusimama. Tazama basi nyumba nzima, usitazame chumba cha kazi peke yake: jiko la uani, koroboi, sigara ya mgeni, pasi ya mkaa, na chetezo. Wengi husahau chetezo. Mama wa nyumbani anafukiza udi ili kuondoa harufu ya gundi, na kaa lile la udi ndilo linalowasha. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu na meza. Gundi ikiwaka, ifunike kwa mchanga au kifuniko, maji yataisambaza.

Sasa soli. Hakuna gundi kali kuliko zote, na muuza vifaa aliyekuambia hivyo hakukuuliza soli yako ni ya kitu gani. Gundi hushika au haishiki kwa kutegemea inashikanisha nini, na nguvu itakuja kwa upande gani. Nimeona gundi nzuri ya neopreni ikishika ngozi kwa ngozi mpaka ngozi yenyewe ikachanika, na gundi hiyo hiyo ikabanduka kama ganda la ndizi kwenye soli ya plastiki iitwayo PVC ndani ya mwezi mmoja. PVC laini ina mafuta ndani yake yanayoilainisha, na mafuta hayo hutoka taratibu yakaingia kwenye gundi na kuigeuza ulimbo. Kama soli zako ni za plastiki hiyo, tatizo ni ndoa mbaya, na bati la lita nne la neopreni halitaitibu. Soli hiyo inataka gundi ya poliyurethani ya viatu. Kama ni mpira unaouzwa kwa mabamba bapa au wa tairi, neopreni inatosha kabisa, mradi uso umeandaliwa. Kama ni sponji nyepesi kama ya ndala, pengine itahitaji dawa ya kutangulizwa kabla ya gundi. Muulize anayekuuzia sponji, na jaribu kwenye kipande kwanza. Plastiki ya ndoo na madumu usijaribu kuibandika, gundi nyingi haziishiki kabisa.

Kwa maelezo yako, yaani kubanduka mbele, ndani ya wiki tatu, mimi nashuku vitu vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho ni udhaifu wa gundi.

Cha kwanza ni uso. Upande wa juu wa ngozi unang'aa kwa mafuta na rangi ya kiwandani, na mpira mpya nao unatoka na ute wa kalibu uliyomiminiwa. Gundi ikipakwa hapo inashika ule ute, haijafika kwenye mpira wala kwenye ngozi. Futa kwanza, kisha kwaruza, kisha futa vumbi. Mpangilio huo usiugeuze: ukikwaruza kabla ya kufuta, msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia msasa wa kokoto kubwa au tupa ya mbao mpaka ngozi inyanyue nyuzi na mpira upoteze mng'ao wote. Mpira uliokwaruzwa vizuri unafanana na ubao wa darasani uliofutwa chaki. Na kwa kuwa uko pwani, kuna chumvi. Ngozi iliyowekwa karibu na dirisha la baharini inabeba chumvi inayovuta maji. Ihifadhi ndani ya mfuko, na kama imeloa chumvi ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, iache ikauke kivulini siku nzima.

Cha pili ni kungoja. Gundi ya bati hupakwa pande zote mbili, tabaka jembamba. Ngozi upande wa nyuzi hunywa, kwa hiyo ipake, iache ikauke, uipake tena. Halafu ngoja. Kwa kawaida dakika 10 hadi 20, lakini saa haikuambii kitu. Gusa kwa mgongo wa kidole kilichovaa glovu. Ikivuta nyuzi kama asali, bado. Ikiwa inashika kidogo lakini hainyanyuki, ndiyo hapo. Fundi mwenye haraka hubandika ikiwa mbichi, kiyeyusho kinafungiwa katikati hakina pa kutokea, na soli inabaki kuteleza ndani kwa siku nyingi. Upande wa pili, ukienda sokoni ukarudi baada ya saa moja na nusu, utando umeshakufa na hautashikana sawasawa. Itabidi upake upya.

Hapa kuna jambo la pwani ambalo maelekezo ya bati hayakuambii. Kiyeyusho kikiruka kwa kasi kinapoza uso wa gundi, na hewa ya masika iliyojaa unyevu inaacha umande mwembamba juu yake, usioonekana, au unaoonekana kama ukungu mweupe. Ukibandika hapo umebandika maji. Ukiona ukungu, ngoja mpaka utoweke, au pitisha hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele, kwa sharti kwamba kiyeyusho kimesharuka na uko nje. Wakati wa masika mimi hubandika kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, sibandiki jioni wala baada ya mvua.

Ukishashikanisha, kinachofanya kazi ni mkandamizo, na muda wake hauhitaji kuwa mrefu. Gonga kwa nyundo ya uso mpana, kuanzia katikati kwenda pembeni, kila inchi, kwa nguvu. Kuweka jiwe juu usiku kucha hakufikii nyundo ya dakika mbili. Kisha ziache siku nzima kabla ya mtu kuzivaa. Ukimkabidhi mgeni kubazi lililobandikwa asubuhi hiyo hiyo, akalitia majini saa kumi, hapo umeonea gundi.

Cha tatu ndicho kikubwa, na hapa gundi yoyote duniani itakuangusha. Gundi ina nguvu ikivutwa kwa kuteleza, pande mbili zikikokotana, kwa sababu eneo lote linafanya kazi pamoja. Ina udhaifu mkubwa ikibanduliwa kutoka ukingoni, kwa sababu nguvu yote inaangukia kwenye mstari mwembamba kama uzi. Kidole gumba kinapokunja kubazi, kinabandua kutoka ukingoni, mara elfu kadhaa kwa siku. Mchanga wa saa sita mchana nao umeshailainisha gundi kwa joto kabla. Kwa hiyo jibu langu la kweli kwa swali lako ni sindano. Shona ncha ya mbele, kutoka upande mmoja wa kidole gumba hadi upande wa pili wa kidole kidogo, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na shona pale mikanda inapoingia. Chimba mfereji mdogo kwenye soli ili uzi uzame usisagike. Mikanda usiibandike ukingoni. Ipitishe kati ya tabaka mbili, iingie ndani angalau upana wa vidole viwili, hapo itavutwa kwa kuteleza badala ya kubanduliwa. Makubazi ya zamani ya pwani yetu yalishonwa. Hata mtepe, chombo kilichovuka bahari hii, mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari. Ukishashona mbele, gundi inabaki na kazi ya kuzuia mchanga na maji kuingia katikati, na kazi hiyo gundi ya kawaida inaiweza.

Iko dawa ya kugumisha inayochanganywa kidogo kwenye gundi ili istahimili joto zaidi. Viwanda vinaitumia. Kwako siishauri. Ndani yake mna kemikali iitwayo isosayaneti, na mtu ambaye mwili wake umeikataa mara moja anaweza kupata pumu atakayoishi nayo maisha yake yote, kila akisogea karibu nayo.

Kwa tabaka la juu, ngozi kwa ngozi pale unapokanyaga, tafuta gundi ya viatu ya maji. Ipo. Inachelewa kukauka, hasa masika, lakini haina kiyeyusho cha kuruka, na hapo hakuna nguvu kubwa ya kuibandua. Ukifanya hivyo umepunguza karibu nusu ya mvuke wa kila jozi bila mteja kuona tofauti.

Vifuu na kauri ni habari nyingine, nitapita haraka. Supagluu inashika kwa sekunde lakini ni ngumu na inavunjika kama kioo ikigongwa, na haijazi mwanya. Kwa hereni ndogo au shanga ni sawa. Kwa kauri inayoning'inia tumia epoksi, ile ya mirija miwili. Kauri iloweke kwenye maji baridi siku mbili kuondoa chumvi, ikauke, kwaruza mahali pa kubandikia. Kifuu kina mafuta; kipige msasa na kubandika siku hiyo hiyo. Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa, mara nyingi sawa kwa sawa, wala usiongeze kigumisho ukidhani itakaza haraka: kinachozidi hakina cha kuungana nacho na kinaacha kiungo laini. Chagua ya saa 24 badala ya ya dakika tano. Vaa glovu za naitraili, kwa sababu epoksi mbichi humfanya mtu apate mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki. Bakuli za vifuu za kulia chakula usizibandike kwa gundi hizi kabisa.

Supagluu ikigandisha vidole, usivute. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, zungusha taratibu. Ikimwagikia nguo ya pamba inaweza kupata moto wa kuunguza ngozi, kwa hiyo usiipanguse kwa pamba. Ikiingia jichoni, osha kwa maji, usilazimishe kope kufunguka, nenda hospitali. Mikono iliyopata gundi ya bati ioshe kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Usitumie tina ya kuzimulia rangi: inapeleka viyeyusho hivyo hivyo ndani ya ngozi.

Mabati usiyageuze vyombo vya maji, na gundi usiihamishie kwenye chupa ya soda. Funga kwa kufuli, kwa ajili ya mwanao akianza kutembea, na kwa ajili ya vijana wa mtaani wanaoivuta.

Sasa lile bati ulilolipia nusu. Rudi dukani ukalisome kabla ya kumalizia. Tafuta alama za umbo la almasi zenye ukingo mwekundu. Ya mwali wa moto utaikuta tu. Ile yenye kifua cha mtu na nyota ndani yake inamaanisha madhara ya muda mrefu mwilini; ukiiona, muombe muuzaji karatasi ya usalama ya gundi hiyo, ambayo mtengenezaji anayo, yenye sehemu 16. Sehemu ya tatu inataja viambato, kila kimoja na namba yake, na namba haibadiliki hata jina likiandikwa kwa Kichina. 110-54-3 ni heksani. 71-43-2 ni benzeni. 108-88-3 ni tolueni. Ukikuta moja ya mbili za kwanza, usilichukue. Ukikuta ya tatu, tafuta lingine kwanza, na ukilikosa basi ni ya nje tu, kwa barakoa niliyoieleza, na si wewe utakayepaka mpaka daktari aseme. Bati lisilo na maandishi yoyote ya viambato, na muuzaji asiye na karatasi, liache. Kama anakataa kurudisha fedha, muombe akubadilishie kwa lita moja ya gundi yenye maelezo, na ya maji, na nta na uzi wa nailoni kwa kiasi kilichobaki.

Niandikie daktari amesema nini, na soli zako ni za kitu gani. Kama huna hakika ya soli, kata kipande upana wa ukucha ukitie ndani ya maji: sponji itaelea, PVC itazama, na mpira wa tairi nao huzama, kwa hiyo kikizama niandikie pia kinavyoonekana.